Mgeni na Desturi za Nyumba

Mgeni akipiga hodi jioni twamkaribisha kwa furaha. Lakini mara nyingi mzigo wa furaha hiyo humwangukia mama wa nyumba, ambaye hakuulizwa. Yeye ndiye arudiye kisimani mara ya pili, na kuugawa upya unga uliopimiwa watoto.

Wako wadhanio kwamba kumwambia mgeni desturi za nyumba ni uchoyo. Wakristo wa kale hawakudhani hivyo. Katika Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, kitabu kilichopatikana tena Konstantinopoli mwaka 1873, twasoma kwamba mpita njia asaidiwe kadiri iwezekanavyo, lakini asikae ila siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kukaa zaidi, naye ni fundi, afanye kazi. Wazee wetu nao, pasipo kukisoma kitabu hicho, walimpa mgeni jembe siku ya tatu!

Basi mume na mke na wapatane kwanza faraghani: alale wapi, kipo chakula gani, siku ngapi zawezekana. Kisha baba mwenyewe, wala si mtoto, amweleze mgeni jioni ile ile, akiisha kula, kwa upole: saa ya sala ni hii, nasi hatuiachi, pombe haiingii humu, kesho twaenda shamba. Asiyesali nasi asilazimishwe. Na mgonjwa, au aliyefiwa, hahesabiwi siku.