Awamu Iliyopotea: Kusoma Visukuku bila Kuvikata

Ukitoka Karatu, ukapita lango la Lodoare na kuteremka upande wa pili wa kreta ya Ngorongoro, unafika Bonde la Olduvai. Hapo ndipo Mary Leakey alipogundua fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, tarehe 17 Julai 1959. Meno ya mafuvu ya kale namna hiyo hutunza habari za utoto, kwani enameli inapokua huacha alama ya kila siku. Zamani, kuziona alama hizo kulimaanisha kukata jino. Nani angekubali kukata jino la miaka takriban milioni 1.8?

Eksirei ya kawaida mara nyingi haitoshi. Picha yake hutegemea kiasi cha miale kilichomezwa, na kisukuku kilichojaa madini humeza karibu sawa na mwamba unaokizunguka.

Lakini miale ni mawimbi. Ikipita ndani ya kitu haipungui tu, mawimbi yake pia husogea nyuma au mbele. Hatua hiyo ya wimbi ndiyo awamu, na hakuna kamera inayoipima moja kwa moja. Hata mwanga wa kawaida hupanda na kushuka mara mamia ya trilioni kwa sekunde; kamera hujumlisha nishati iliyofika, basi.

Weka glasi ya maji safi juani. Maji hayamezi mwanga wa kutosha kuonekana, ila huchelewesha mawimbi yake, na mezani huchoreka mistari inayong'aa. Inua glasi, mistari inabadilika. Vivyo hivyo, kigunduzi cha eksirei kikiwekwa mbali kidogo na kisukuku, kingo za ndani hujichora zenyewe. Kinachobaki ni hesabu ya kurudi nyuma, kutoka ukali wa mwanga hadi awamu. Wanasayansi Gerchberg na Saxton walichapisha mbinu yao ya kukokotoa kwa kurudiarudia mwaka 1972. Mwaka 2002 Paganin na wenzake wakaonyesha kwamba, kwa kitu kilichoundwa kwa mata ya aina moja, picha moja inatosha.

Kazi hii hustawi kwenye sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi ili kutoa eksirei kali. Fuvu la Australopithecus sediba, jamaa mwingine wa kale wa binadamu, lilipelekwa kutoka Afrika Kusini hadi Grenoble, Ufaransa, mwaka 2010. Fuvu la kisukuku kiitwacho Little Foot likapelekwa Uingereza mwaka 2019. Afrika bado haina sinkrotroni yake, na visukuku vyetu ndivyo vinavyosafiri.

Kuijenga mashine hiyo kwetu kutachukua muda na fedha nyingi. Hesabu za kuipata awamu, hata hivyo, zinafanyika kwenye kompyuta ya kawaida. Sisi tulioko ughaibuni, tunaozijua, tuzifundishe sasa kwa vijana wa Karatu na Arusha, ili data za visukuku vyao wazichambue wenyewe.