Jambia la Alamut

Ngome ya Alamut ilijengwa juu ya jabali lenye magenge makali katika milima ya Elburz, kaskazini ya Uajemi, na mwaka 1090 iliingia mikononi mwa Hasan-i Sabbah bila ya kumwagika damu, kwa kuwa alikwisha kutanguliza wahubiri wake kuwavuta walinzi katika madhehebu ya Ismailia, hata alipoingia mwenyewe kwa jina lisilo lake, mkuu wa ngome akatanabahi kwamba hana tena askari wa kumtii. Na inasimuliwa kwamba Hasan alimwandikia hawala ya dinari 3,000, thamani ya ngome, na hawala ile ikalipwa. Anayetaka kuwajua mafidai, wauaji wa siri waliotumwa kutoka Alamut na ngome dada zake, na aanze hapa, maana tabia yao yote imo katika kisa hiki: subira, kujigeuza sura, na kumtambua mtu mmoja ambaye akiondoka, nguvu zilizomzunguka nazo huporomoka.

Mbele yao palisimama dola ya Waturuki wa Seljuk, yenye majeshi ambayo watu wachache wa milimani hawakuwa na tamaa ya kuyakabili uwanjani. Mwaka 1092 Alamut ilikuwa imekwisha kuzingirwa, wakati Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa Sultani Malikshah na nguzo ya dola ile kwa takriban miaka 30, alipokuwa safarini kutoka Isfahan kwenda Baghdad. Jioni moja ya Ramadhani, akiwa amechukuliwa katika machela, alikurubiwa na kijana aliyevaa kisufi, ambaye alijifanya analeta arzuhali, kisha akamchoma kisu. Malikshah naye akafariki mwezi uliofuata, jamaa zake wakagombania kiti, na majeshi yaliyotumwa kupigana na Waismailia yakatawanyika.

Mintarafu ya sanaa ya kupigana, ambayo vijana wa leo huidhania kuwa ndiyo siri kuu ya mafidai, ni wajibu kusema wazi kwamba hakuna kitabu chochote cha mafunzo ya mieleka wala ya upanga kilichotufikia kutoka Alamut, na kwamba waandishi wa tarehe wa zama zile, ambao aghalabu yao walikuwa maadui, hawasifu wepesi wa mikono yao hata kidogo. Wanachokitaja ni jambia, wala si mshale wala sumu. Na jambia humlazimu mwenye kulishika afike karibu na anayemkusudia, jambo ambalo kwa waziri au amiri aliyezungukwa na walinzi haliwezekani ila kwa kuaminiwa. Basi ilimu yao ilikuwa ilimu ya kuaminiwa: kusema lugha ya wageni, kuvaa mavazi yao, kuswali au kusali pamoja nao, na kungoja. Watu wawili waliomuua Conrad wa Montferrat huko Tyre, Aprili 1192, walikuwa wamejigeuza watawa wa Kikristo. Na kwa kuwa pigo lilipigwa mara nyingi hadharani, pengine msikitini siku ya Ijumaa, fidai hakutaraji kurudi.

Siyasemi haya kwa kuwatakasa. Katika enzi ya Hasan pekee watu karibu 50 waliuawa, wakiwamo makadhi, na kila pigo lilirudi juu ya vichwa vya wasio na hatia, kwani mwaka 1101 watu wengi waliotuhumiwa Uismailia waliuawa Isfahan na Baghdad. Lakini haki ya tarehe hudai kwamba mtu ashtakiwe kwa alilolitenda, na hapa ndipo dhuluma kubwa ilipoingia. Marco Polo alieneza Ulaya hadithi ya mzee wa mlimani aliyewalevya vijana na kuwaamshia katika bustani ya mito na wanawali, wakaamini wameionja pepo. Na Marco Polo alizaliwa mwaka 1254, miaka miwili tu kabla ya Alamut kusalimu amri kwa Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan. Juvayni, mwandishi wa tarehe aliyefuatana na Wamongolia wa Hulagu, aliwachukia Waismailia kwa moyo wake wote, akaingia katika maktaba yao, akaokoa misahafu na ala za falaki, kisha vitabu vya madhehebu akavitia moto. Mtu huyu, ambaye angefurahi kuliko wote kuwafedhehesha, hakuandika neno juu ya bustani wala kileo. Alichokistaajabia ni maghala na matangi ya maji yaliyochongwa mwambani. Hasan mwenyewe alikuwa mkali wa sharia kiasi cha kumuua mwanawe kwa tuhuma ya kunywa mvinyo, na katika ngome hizo Nasir al-Din al-Tusi, mmoja wa wanafalaki wakubwa wa Uislamu, aliishi miaka mingi akiandika.

Hadithi ya bustani imeendelea kuenea, katika riwaya ya Vladimir Bartol ya mwaka 1938, na tangu 2007 katika michezo ya kompyuta ambamo fidai huruka kutoka minarani akiwa na kisu kilichofichwa mkononi. Waismailia wa Alamut wenyewe, ambao tangu mgawanyiko wa mwaka 1094 walimfuata Nizar, mwana mkubwa wa Khalifa al-Mustansir wa Cairo, hawakuangamia pamoja na ngome zao: walitawanyika Uajemi, Sham na Bara Hindi, na kutoka Bara Hindi wengine walivuka bahari hadi Unguja na mrima. Agosti 1946, mjini Dar es Salaam, Aga Khan wa Tatu, ambaye Wanizari humhesabu kuwa Imamu wa 48, alipimwa uzito wake kwa almasi mbele ya umati wa wafuasi wake. Na mali iliyochangwa kwa heshima yake ikafanywa mtaji wa kuwakopesha watu wa jumuiya yake, wapate kujenga nyumba na kufungua biashara.