Kutu na Deni la Chuma katika Pwani ya Tanga

Aghalabu mtu aonapo alama nyekundu juu ya bati, panga au nanga, husema kuwa chuma kimeingia uchafu, akachukua msasa akakisugua mpaka king'ae, kisha akaenda zake akiamini kuwa kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji wa Tanga, Pangani na Mkinga, ambaye nyumba yake, chombo chake na zana zake hukaa katika hewa ya bahari usiku na mchana, kwamba kutu ina asili nyingine kabisa, na kwamba aijuaye asili hiyo hujiokolea mali nyingi.

Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa chuma. Hupatikana kikiwa kimefungamana na hewa ya oksijeni ndani ya mawe, mchanga na udongo, na wekundu wa ardhi ya Amani na Lushoto, unaopaka miguu ya kila apitaye milima ya Usambara wakati wa masika, ni wekundu wa chuma kilichofungamana hivyo. Katika milima ya Upare, wahunzi wa ukoo wa Washana waliufahamu ufungamano huo kwa matendo kabla haujaandikwa vitabuni: waliukusanya mchanga mweusi mzito ulioachwa na vijito, wakaupepeta, wakautia tanurini pamoja na makaa ya miti, wakavukuta mivukuto mpaka moto ukawa mkali wa kutosha kuunyang'anya mchanga oksijeni yake na kuacha chuma kitupu cha kufulia majembe, mishale na shoka. Biashara ya chuma katika pwani hii ni ya kale; mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi na Mombasa kuwa wenye machimbo ya chuma, na akasema kuwa chuma ndicho kilichowapa pato kubwa kuliko vitu vingine.

Basi chuma tukionacho dukani ni kitu kilichokopwa ardhini kwa nguvu ya moto, na kutu ni njia ambayo kwayo oksijeni hulidai deni lake. Haishangazi, kwa hiyo, kwamba unga mwekundu upukutikao kwenye bati lililochakaa unafanana sana na udongo wa Usambara, kwa kuwa vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja.

Mwalimu yeyote anaweza kuonyesha masharti ya deni hili kwa misumari minne na chupa nne. Msumari wa kwanza hutiwa katika chupa kavu iliyofungwa barabara. Wa pili katika maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, kisha yakafunikwa kwa mafuta. Wa tatu katika maji ya bomba yaliyo wazi. Na wa nne katika maji ya bahari. Baada ya siku chache misumari miwili ya mwanzo hubaki salama, kwa sababu mmoja umekosa maji na wa pili umekosa hewa; wa tatu huota kutu, na wa nne huota zaidi. Hapana kutu pasipokuwa na maji na hewa pamoja, na chumvi huja kuiharakisha kazi hiyo. Huiharakisha kwa sababu kushika kutu ni tendo la umeme mdogo sana, ambamo chembe za umeme hutoka mahali pamoja pa chuma kwenda mahali pengine, na maji ya chumvi huupitisha umeme huo kwa wepesi kuliko maji matamu.

Chumvi ina hila nyingine ambayo mwenye nyumba wa pwani yampasa aijue. Pepo za kusi na za kaskazi, ingawa hupishana kwa miezi, zote hutujia kutoka upande wa bahari zikiwa zimebeba vumbi jembamba la chumvi, nalo likitua juu ya chuma huuvuta unyevu wa hewani, hata chuma kikawa kimelowa katika siku ambayo halikuanguka tone la mvua. Ndiyo maana ukipanda ngazi ukalichungulia paa la nyumba iliyo karibu na ufuko wa Sahare, mara nyingi utaona ya kuwa uso wa bati uelekeao mbinguni, ambao mvua huuosha, ungali mzima, ilhali upande wa chini wa ukingo wake umekwisha kuwa mwekundu na kutoboka, na kadhalika pale ambapo bati moja limelilalia jingine, na kuuzunguka kila msumari. Mahali pasipofikiwa na mvua chumvi hukaa mwaka mzima ikifanya kazi yake kwa siri. Tiba yake ya kwanza haina gharama kubwa: ni maji matamu, yanayomwagwa chini ya ukingo wa paa, katika nondo za madirisha na bawaba za milango, mara kwa mara katika miezi ya kiangazi.

Madhara makubwa kupita yote ni yale yasiyoonekana. Nondo iliyozikwa ndani ya zege nzuri hukaa salama miaka mingi, kwa sababu saruji huivika utando mwembamba wa kuilinda. Lakini fundi akichanganya zege kwa mchanga wa ufukoni usiooshwa, au kwa maji ya bahari, amemwingiza adui ndani ya ngome kabla vita havijaanza. Chumvi huutoboa ule utando, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita, zege hupasuka kutoka ndani. Dalili yake ni ufa mnyoofu unaoifuata nondo kwa urefu wake, kisha doa la rangi ya hudhurungi, kisha kipande kizima cha nguzo au dari huanguka. Kwa majengo ya karibu na bahari, wahandisi hutaka nondo ifunikwe kwa zege ya unene wa milimita 50 hivi, na mchanga utoke mtoni au uoshwe kwa maji matamu.

Wazee wa pwani walijihadhari na kutu kwa kuvitegemea vitu visivyoshika kutu. Kitabu cha baharia wa Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya 1 kiliitaja bandari ya Rhapta, ambayo baadhi ya wanachuoni wameitafuta jirani ya Pangani, kikaeleza kuwa jina lake latokana na vyombo vya kushonwa. Na mitepe ya baadaye ilishonwa kwa kamba za usumba, bila msumari katika ubavu wake. Msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nayo kuta zake zingali zimesimama kwa sehemu baada ya karne nyingi. Sitaki msomaji afikiri kuwa nashauri tuviache vyuma. Nataka afahamu kwamba wazee walikuwa na elimu ya mahali pao, na kwamba sisi tulioleta nondo na mabati tumejitwika wajibu ambao wao hawakuwa nao.

Wajibu huo una vifaa vyake. Bati jema limevikwa zinki, madini ambayo huliwa kwanza ili chuma kipone, hata pale palipokwaruzwa kidogo. Kwa hiyo ni hasara kulinunua bati hilo kisha kulipigilia kwa misumari isiyo na zinki. Ile rangi nyekundu ambayo mafundi huipaka mwanzo, kabla ya rangi ya juu, aghalabu hupata wekundu wake katika unga wa oksidi ya chuma, yaani jamaa ya kutu yenyewe: kitu kilichokwisha kulipa deni lake hakidaiwi tena, nacho hutulia ndani ya mafuta kikikifunika chuma. Lakini rangi ipakwayo juu ya kutu iliyolegea haifai kitu, kwa sababu kutu ya chuma ni ya matundumatundu na magamba, hupitisha hewa na maji, tofauti na kutu ya kijani ya shaba, ambayo hushikamana na kuwa ngao. Sharti kutu iparuliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kioshwe chumvi, kikaushwe, ndipo kipakwe siku ile ile.

Lugha nazo zimelitazama jambo hili kwa macho mbalimbali. Waingereza waliliita kwa neno la ukoo mmoja na neno lao la wekundu, na kwao fundi aliyeacha kazi yake siku nyingi husemwa kuwa ana kutu. Nasi husema vivyo hivyo juu ya akili na elimu isiyotumika. Mkulima wa kahawa huita kutu ule unga wa rangi ya chungwa ulio chini ya jani la mbuni, ingawa hapo hapana chuma, bali ni kuvu, aliyepewa jina la kitaalamu Hemileia vastatrix mwaka 1869 baada ya kuonekana Ceylon, ambako aliangamiza mashamba ya kahawa. Nacho kituo cha utafiti cha Lyamungo, Kilimanjaro, kimezalisha mibuni inayomstahimili. Nao maulamaa hufundisha kuwa mioyo hushika kutu kama chuma, na kwamba husafishwa kwa kukumbuka mauti na kusoma Kurani. Katika maana hizi zote limo onyo moja: kitu chema hakidumu kwa kupatikana tu, ila kwa kutunzwa.

Onyo hilo yafaa lifike katika vikao vya fedha. Shule, zahanati na gati zinapojengwa katika pwani yetu, watu huhesabu saruji, nondo na mabati, wakasahau brashi, rangi na maji ya kuoshea ya miaka itakayofuata. Kila jengo la umma lililo karibu na bahari liwekewe fungu lake la matunzo tangu siku ya kwanza, na mtu maalumu apewe kazi ya kulikagua kabla ya kila masika. Gharama ya kupaka rangi ni ndogo na huja kwa wakati uliochaguliwa na mwenye mali. Gharama ya kujenga upya ni kubwa, nayo huja kwa wakati uliochaguliwa na kutu.