Mshale wa Kanga Hauna Chuma

Naongoza wageni kutoka hapa Usa River hadi Ziwa Eyasi, na kitu ninachopenda kuwaonyesha ni fungu la mishale mkononi mwa Mhadzabe. Haifanani! Wa kanga ni mti mtupu, umechongwa ncha tu. Ndege hahitaji chuma, na mshale ukipotelea kichakani, mwenyewe huchonga mwingine.

Ncha za chuma ni za wanyama wakubwa. Nyingine hufuliwa kwa misumari, bila moto. Nyingine ni kazi ya wahunzi wa Kidatoga, hubadilishwa kwa nyama au asali. Baadhi ya hizi za chuma hupakwa sumu ya waridi la jangwani, kisha huvikwa ngozi. Nawasihi wageni wasiziguse.