Fimbo nyeusi juu ya muwa: sababu gani wataalamu wanaitunza ndani ya karatasi

Hakuna mchimbaji wa Mongbwalu anayefungua shimo juu ya jiwe ambalo hajui limetoka wapi. Hata likingʼaa namna gani, bila kujua mahali pake halimwongozi mtu. Kwa mimea yenye ugonjwa ni vilevile. Kuna nyumba ambamo wanakausha mmea, wanaufunga ndani ya karatasi na kuandika: ulikatwa wapi, tarehe gani, na nani. Kwa Kifaransa nyumba ile inaitwa herbier. Hapa Congo, inayojulikana sana iko Yangambi, kwenye kituo cha INERA, pembeni ya mto, jimbo la Tshopo. Kule Pretoria, Afrika ya Kusini, wanatunza mkusanyo wa kuvu toka mwaka 1905.

Kati ya magonjwa yanayotunzwa hivyo iko charbon ya muwa, ni kusema makaa. Kuvu inaingia kwenye macho ya muwa na kukaa ndani bila kuonekana. Kisha miezi kama miwili mpaka minne, juu ya muwa inatoka fimbo ndefu iliyojipinda, mara nyingine kupita metre moja. Ngozi yake nyembamba ikipasuka, vumbi jeusi linaruka. Ile vumbi ndiyo mbegu ya kuvu. Shina linabaki jembamba sawa majani, na maji ya sukari yanapungua.

Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1877 huko Natal, Afrika ya Kusini. Leo unajulikana Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1971 ulionekana Hawaii, na mwaka 2006 Queensland, kule Australia. Upepo unabeba vumbi, lakini njia nyepesi zaidi ni mtu mwenye kubeba vipande vya kupanda. Na nani anahama kuliko mchimbaji? Shimo likiisha, familia inafunga mizigo, na mama anakata miwa michache ya kupanda kwenye kambi mpya. Kama shina lilikuwa gonjwa, ugonjwa nao umepanda moto pamoja na sufuria.

Kwa nini basi kutunza karatasi za zamani? Juu mahindi, mtama na matete ya ngʼombe pia yana makaa yao, na kwa macho yanafanana. Mtaalamu anaweka vumbi jipya na la zamani chini ya mikroskopu, anapambanua. Na tarehe za kwenye karatasi zinamwonyesha ugonjwa ulifika wapi kwanza.

Ukiona fimbo nyeusi shambani, usiitikise. Ifunike na mfuko, funga, ndipo ukate. Ngʼoa shina lote na mizizi, uchome. Mbegu itoke kwenye shina safi tu. Mashamba makubwa wanaloweka vipande ndani ya maji ya digrii 50 kwa saa mbili, lakini bila kipimo cha joto utaua macho ya muwa.

Na kama unataka kumwonyesha agronome, weka kipande kikavu ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, ufunge vizuri. Juu yake andika kijiji, tarehe na jina la mmea. Bila maandiko yale, umempa vumbi tu.