Povu ya Wembe

Leo tunabonga ndevu. Na ka zako bado zinatoka mbili mbili hapo kwa kidevu, kaa tu, hii stori inakuhusu kuliko hata wale wako na msitu.

January 2019 Gillette wanadondosha ad YouTube. Dakika moja na sekunde 48. Ka ulizoea zile za kitambo, jamaa anapitisha wembe mara moja, manzi anatokea nyuma anampapasa shavu, sahau. Hapa ni mtoi anakimbizwa na kigenge. Ni boss kwa meeting anamwekea dem mkono kwa bega, anaelezea watu chenye dem alikuwa anataka kusema, na dem ako hapo na mdomo anao. Alafu inakuja ile part moto. Watoi wawili wanabwagana kwa nyasi. Nyuma yao, laini refu ya mafathe, mikono imekunjwa, kila fathe na jiko yake ya nyama, moshi inapanda, na wote wanarudia line moja: boyz ni boyz. Boyz ni boyz. Hadi mwisho wa jicho ni mafathe na majiko. Mbele kidogo kwa ad, fathe mmoja anaruka kutoka kwa nyama yake, anaenda anawatenganisha watoi.

Basi. Hiyo ndio makosa. Msee alitenganisha watoi.

Povu ikaanza, na si ya kunyolea. Piers Morgan, ule wa TV ya Uingereza, akawaka Twitter ati amenyolea Gillette maisha yake yote ya ukubwa na sasa huenda akahama. Madislike zikapita malike mbio. Kampuni ingine ya saa, Egard, ikatoa video yake ya kujibu. Wasee wengine nao wakapiga picha wembe zao zikiwa ndani ya choo. Ndani ya choo, buda! Wembe ushalipia! Ganji ilishafika Cincinnati kwa Procter & Gamble, wenye Gillette, kitambo, we umebaki hapo una-flush cartridge. Mwenye ameomoka ni fundi wa mabomba.

Na huku kwetu? Wazee wa draft, wale hushinda base wakisukuma vifuniko za soda, wao hawahitaji hata kuona ad. Wako na verdict ready tangu enzi ya Kenyatta wa kwanza: wanaume wameisha. Ukivaa suruali tight, wanaume wameisha. Ukipaka lotion, wanaume wameisha. Ukibebea bibi yako mtoi kwa mgongo, hapo sasa ni mazishi, leteni tent. Kila mwaka wanaisha na bado base imejaa.

Cheki sasa venye mi naona. Huo uanaume wasee walikuwa wanatetea na povu, waliuziwa. Na ad.

Chukua Marlboro. Miaka ya 1920 hiyo fegi ilikuwa inauziwa madem, ati ni mild. Wadosi wakaona soko ni ndogo, mwaka 1954 wakaenda kwa Leo Burnett pale Chicago, jamaa akawaletea cowboy. Kofia, farasi, uso ngumu, fegi kwa mdomo. Kampuni ni ile ile, jina ni lile lile, na ghafla ni kitu ya madume. Wasee dunia mzima wakajiona macowboy, hata wenye hawajawahi panda punda. Wayne McLaren na David McLean, wote walikuwa kwa hizo ad. Wote walidedi na kansa ya mapafu, mmoja 1992, mwingine 1995.

Gillette nao si watakatifu. Vita ya kwanza ya dunia, jeshi ya Marekani ilinunua wembe zao milioni 3.5 na blade milioni 32, sojaa zikarudi home zimezoea kujinyoa zenyewe kila siku. Uso laini ikawa ndio sura ya mwanaume. Na Axe je? Si hiyo ndio ilikuwa inatupumulia dorm mzima ile Friday ya funkie? Miaka na miaka wanatuambia jipulizie alafu madem watakukimbilia ka mbio za Eldoret. Tulijipulizia. Hakuna mtu alikimbia, ila wa kutafuta dirisha. Mwaka 2016 Axe wenyewe wakabadilisha gia, wakaanza kuonyesha wasee wa kila aina, hadi ule ako na high heels.

So ukiniambia Gillette walikuwa wanacheza na uanaume ndio wauze wembe, nakuambia eeh, ndio kazi yao tangu. Tofauti ni hii mara waliuza kitu poa.

Ganji ndio mi na wao tunakosana. Waliahidi dola milioni moja kila mwaka, miaka 3, ziende kwa mashirika za kusaidia wanaume na maboy. Sawa. Lakini mwaka huo wa fedha Procter & Gamble waliuza vitu za zaidi ya dola bilioni 67. Hiyo ni ka kuweka ashara kwa sadaka na umetoka kuuza ploti. Na cartridge zao, maze! Kuna supamaketi zinazifungia kwa kaboksi ka plastiki ya security, mpaka uite mtu na ufunguo. Wembe ya duka ya mtaa unachukua na silver.

Watu wa povu watakushow ati ad iliwaua, ju July 2019 Procter & Gamble ilipunguza thamani ya Gillette kwa vitabu na dola bilioni 8. Zii. Waliinunua 2005 na karibu dola bilioni 57, enzi ya kila mdosi kunyoa kila asubuhi. Alafu ndevu ikawa luku. Dollar Shave Club wakaingia na bei ya mtaa, video yao ya 2012 ikashika mbaya, Unilever wakawanunua 2016. Gillette walianza kushusha bei 2017, miaka miwili kabla ya hiyo ad. Ndevu na bei ndio ziliwapiga.

Na ndevu si bure. Ingia kinyozi hapa Eastlando Saturday jioni. Fade, beard ichorwe laini, dye nyeusi, scrub, taulo ya moto, mresh anakukanda mabega. Unatoka uso inang'aa na mfuko imelia. Kwa kiti ya pili ako msee anabonga kwa sauti vile ma-ad za siku hizi zinalegeza wanaume, na ako na mask ya tope mpaka kwa masikio. Scrub ni fiti, bro. Jipende. Lakini usituambie ad ndio imekulegeza.

Kuna mzee mmoja tu napea heshima kwa hii stori yote, na ni wa kuigiza. Ariel ya India, pia ni ya Procter & Gamble, walitoa ad 2016. Fathe ametembelea msichana wake. Anamwona ametoka job, simu kwa sikio, anapika, anaokota toys, anamletea bwanake chai, na bwana amekaa tu anacheki TV. Mzee anamwandikia barua kumwomba msamaha, ju yeye mwenyewe hakuwahi kusaidia mama ya huyo msichana, na hapo ndio mtoi alijifunzia. Anarudi kwake, anatoa nguo zake kwa suitcase, anaziweka kwa washing machine. Hakuna draft hapo.

Sasa kwa ile ya Gillette kuna ka-scene ukipepesa macho imekupita. Dem anapita kwa street. Msee anataka kumfuata. Beshte wake anamzuia na mkono, anamwambia wacha, si poa. Imeisha. Hakuna ngumi, hakuna speech.

Beshte ka huyo tulimhitaji November 2014 hapa Nairobi: dem alivuliwa nguo na wanaume kwa stage ya mat, mchana, simu zikirekodi, ati kavaa vibaya. Tarehe 17 madem wakatoka Uhuru Park wakamarch hadi Accra Road, hapo kwenye alivuliwa, na wasee wengine wakaenda nao. Wengine wakasimama kando wakiwatusi. December sheria ikabadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu, jela si chini ya miaka 10. Fiti sana. Lakini sheria hufika na gari ya karao, na dem ashaumia. Mi nataka ule beshte wa kwa ad, kila stage ya hii tao, kila jioni, na aanze hapo Accra Road.