Mazoezi ya Soka kwa Watoto (3): Mechi Ndogo

Wiki iliyopita tulizungumzia mazoezi ya foleni, yale ya watoto kujipanga nyuma ya koni wakingoja zamu ya mpira mmoja. Leo tuje kwenye mechi ndogo: watatu kwa watatu, wanne kwa wanne, hata saba kwa saba, kwenye eneo lililopunguzwa.

Tuanze na hesabu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Ukizigawa kwa wachezaji 22, kila mmoja anapata kama 325. Wanne kwa wanne katika mita 30 kwa 20, kila mmoja ana 75 tu. Hapo hakuna pa kujificha. Mpira unakufikia kila mara, mpinzani yuko kisiginoni, na uamue la kufanya kabla haujakufika mguuni.

Kocha akitanua eneo, mbio zinaongezeka. Akilibana, watoto wanapokonyana, wanageuka, wanapasiana kwa haraka. Wapo wanaopenda kuongeza masharti, hasa lile la kugusa mpira mara mbili tu. Linasaidia kuharakisha pasi, lakini mtoto anayekatazwa mguso wa tatu atajifunza lini kupiga chenga? Ushauri wangu ni kubadilisha vipimo vya eneo kwanza, sheria baadaye.

Mfano ninaoupenda ni Funiño, mchezo wa Horst Wein, Mjerumani aliyetokea kwenye mpira wa magongo. Ni watatu kwa watatu, bila kipa, na kila timu inalinda magoli mawili madogo. Mabeki wakijaa kushoto, goli la kulia liko wazi, kwa hiyo mwenye mpira analazimika kuinua kichwa na kutazama, bila kocha kumpigia kelele. Tangu msimu wa 2024/25, Ujerumani imeyafanya mashindano ya namna hii kuwa ya lazima kwa watoto wake wadogo kabisa.

Huku kwetu chandimu imefanya kazi hiyo miaka mingi. Inaniuma kuona mtoto aliyeshinda na mpira mguuni mtaani anafika kituo cha mafunzo na kupangwa foleni. Watoto 16 na mipira miwili wanatosha viwanja viwili vya wanne kwa wanne, magoli yakiwa mawe.

Wiki ijayo: wacheze dakika ngapi, wapumzike ngapi.